Mama Mkwe Kwenye Omo

Adelina wa Usoke hakuwa mtu wa kutishwa na upepo. Upepo wa kwao aliujua tabia yake: unakuja na vumbi, unang'oa bati la jirani aliyepigilia misumari kwa uchoyo, ukichoka unakwenda zake. Huu wa ziwani, jamani, haukuwa na kuchoka. Ulianza tangu juzi, ukavuma usiku na mchana, na asubuhi ile ulipotulia kidogo watu wakamshukuru Mungu. Kumbe ulikuwa unavuta pumzi tu.

Sasa ilikuwa mchana, na mashua ilikuwa inarushwarushwa kwenye ile ghuba kama mchele kwenye ungo. Nanga ilikuwa chini, tanga limekunjwa, na ndani ya chombo walikuwamo watu wawili. Mbele kabisa, kwenye omo, alikuwa ameketi Adelina juu ya gunia la mpunga, kajifunika turubai lililotobokatoboka, analowa. Nyuma kabisa, kwenye tezi, alikuwa ameketi mkwewe, Emilian, kashikilia kamba ya nanga ya pili, naye analowa. Na huko huko nyuma, kando tu ya Emilian, palikuwa na kibanda kizuri cha mbao na bati, kikavu, kina godoro na blanketi, na ndani yake hamna mtu.

Mnauliza kwa nini? Kwa sababu ya ukwe.

Kwao Usoke, mwanamke wa rika la Adelina akimwona mume wa binti yake anakuja, huacha njia akaingia majanini mpaka kijana apite. Hamtazami usoni, hali naye, hataji jina lake, na chumba ambacho kijana huyo analala na binti yake hatii hata kichwa ndani. Si chuki, ni heshima. Yule ndiye anayelala na mwanao, sasa umkodolee macho ili iwe nini? Ni kweli, vijana wa siku hizi wanayacheka mambo hayo, na hata wazee wengi wameyaacha. Siku ya arusi ya bintiye Koleta, mshereheshaji alimwita mama mzazi aje alishwe keki na bwana arusi mbele za watu, tena kwa muziki. Thubutu! Adelina alitokea mlango wa jikoni akajificha nyuma ya tangi la maji mpaka keki ikaisha. Mwenzake wa kwaya, Getruda, alimcheka mwaka mzima.

"Umebaki peke yako na ukwe wako," alimwambia. "Wenzio wakwe zetu wanatupakia kwenye pikipiki na tunawashika kiuno."

"Ninyi shikeni," akajibu Adelina.

Emilian yeye ni mtu wa Karema, amezaliwa ufukweni, na kwao mambo hayo hawakuyakaza kiasi hicho. Lakini Koleta alimfundisha kabla ya kumpeleka nyumbani, na maskini, kwa kuogopa kukosea, akayashika kuliko wenyewe. Alimsalimia mama mkwe "shikamoo" akiwa amegeukia pembeni, naye akapokea "marahaba" iliyoelekezwa kwa kuku waliokuwa uani. Basi, ikawa ndiyo salamu yao. Mengine yote yalipitia kwa Koleta. Tangu mama mkwe apande chombo, kila alipobanwa na haja na ndoo ikahitajika, Koleta alikohoa mara moja, na Emilian akageuka kutazama milima ya Kongo kwa makini utadhani anaipima.

Sasa mama wa Usoke, mkulima wa tumbaku, mjane aliyezoea kukesha na moto wa bani la kukaushia, alifikaje juu ya maji? Aliletwa na tumbo la mwanawe. Koleta alimpata Emilian kwenye gulio, akiuza samaki wakavu, migebuka, waliokuja kwa treni kutoka Kigoma. Wakapendana, wakafunga ndoa kanisani, na Adelina akangoja kusikia wamepanga wapi. Hawakupanga popote. Nyumba yao ilikuwa mashua hii ya tanga, wanabeba mizigo ya watu kwenye vijiji visivyo na barabara, wanapika humo, wanalala humo. Mimba ya kwanza ilitoka wakiwa safarini, hospitali iko mbali, upepo unavuma kama huu. Adelina alipewa habari kwa simu, akakaa chini hapo hapo shambani. Tangu siku hiyo aliichukia mashua kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Safari hii mimba ilipofika miezi saba hakungoja kuitwa. Alipanda treni akashuka Kigoma na kikapu chake, kumchukua mwanawe akajifungulie kwao. Na moyoni alikuwa na la ziada ambalo hakumwambia mtu, hata paroko: akishamfikisha Usoke, Koleta harudi tena humu. Atatafuta sababu. Mtoto mchanga, baridi, homa, sababu hazikosi.

"Mama, twende safari hii moja tu," Koleta alimwambia. "Mzigo tumekwishaupokea. Tukirudi tunapanda treni."

Adelina hakutaka. Lakini kumwacha binti aende peke yake na tumbo lile hakuweza, kwa hiyo akapanda. Walikwenda salama, na wakati wa kurudi upepo ukawakamata, Emilian akaingiza chombo kwenye ghuba hii kujibanza nyuma ya rasi. Kusogea karibu na nchi kavu hakukuwezekana kwa sababu ya mawe. Walitia nanga mahali ambapo mtu aliyeko ufukweni unamtambua kwa nguo na mwendo, ila sauti yake huipati. Simu nazo zilikuwa mapambo, mtandao hapo haushiki.

Na unga ukaisha. Asubuhi ule upepo ulipojifanya umetulia, Koleta akasema atakwenda na mtumbwi mdogo mpaka kijijini, nyuma ya kilima. Emilian akasema aende yeye, Koleta akakataa. "Ukienda wewe, nanga ikiachia nani atakiokoa chombo? Mimi na tumbo hili, au Mama?" Adelina kupiga kasia hajui, kwa hiyo hata hakutajwa. Maji yalikuwa yamelala kweli, na Koleta mtumbwi anauendesha kama wengine wanavyoendesha baiskeli. Akaenda, akafika, wakamwona anapandisha kilima na kigauni chake cha njano.

Ndipo upepo ukarudi, tena umegeuka, sasa unaingia ghubani moja kwa moja.

Jamani, kuna kungoja na kungoja. Adelina kungoja ndiyo kazi aliyokulia. Ukikausha tumbaku unangoja usiku na mchana, lakini una kuni za kusogeza na moto wa kuchungulia. Hapa alikuwa anangoja mikono mitupu. Kila wimbi lilipopiga ubavu, maji yalipanda yakamwagikia mgongoni, baridi ya ajabu, ya mwezi wa nane. Meno yakaanza kugongana. Alishika rozari lakini hakuweza kumaliza Salamu Maria moja. Akifika "utuombee" wimbi linamkata kauli. Wazo lake lilikuwa moja tu, nalo halikuwa baridi wala mashua. Abaki huko huko. Mungu wangu, mtie usingizi, mtie uvivu, apate mtu wa kumpa uji, abaki huko huko mpaka upepo ufe.

Huku nyuma Emilian naye alikuwa kwenye shida yake. Alimwona mama mkwe anatetemeka. Kumwambia aingie kibandani hawezi; chumba ni chake na mkewe, na atamwambiaje mtu ambaye hajawahi kusema naye? Mwisho alikohoa, kama Koleta anavyokohoa, akanyoosha kidole kwenye kibanda, kisha akageuka kutazama Kongo ili mama apate nafasi ya kuingia bila kuonwa. Adelina aliona kile kidole. Akajivutia turubai mpaka masikioni. Afadhali nife, alisema moyoni, kuliko kulala kwenye godoro la mkwe.

Kisha kile kigauni cha njano kikatokea juu ya kilima.

Koleta aliteremka taratibu, mfuko wa unga kichwani, mkono mmoja kiunoni kama wanavyotembea wenye matumbo. Ufukweni hapakuwa na mtu mwingine. Nani angekaa ufukweni siku ile? Akautua unga, akaweka kiganja juu ya macho, akaitazama mashua. Akatazama muda mrefu. Halafu akautupa unga ndani ya mtumbwi, akainama, akaanza kuusukuma majini.

"Asije," alisema Adelina. "We Koleta, usije hapa! Mama yangu, usije!"

Emilian alisimama. Adelina naye alisimama, akashika mlingoti, na wote wawili, huyu mbele na yule nyuma, wakaanza kupunga mikono na kupiga kelele: rudi, rudi, kaa huko huko! Upepo ukayachukua maneno yao kama makapi. Na mikono, hebu fikirini wenyewe. Ukiwa nchi kavu ukaona watu wawili kwenye chombo kinachoruka wanapunga mikono kwa fujo, utaelewa nini? Utaelewa tunakufa, njoo. Koleta akaongeza bidii. Wimbi la kwanza likautupa mtumbwi juu ya mchanga, akauzungukia, akamwaga maji, akasukuma tena. Maji yakamfika magotini.

Nyuma kule Emilian alikwishaiachia kamba, amevua koti, mguu mmoja ubavuni mwa mashua. Kati yake na ufuko palikuwa na yale mawe, mawimbi yanapasukia juu yake meupe kama sabuni.

"Emilian!" Sauti ilimtoka Adelina hata yeye mwenyewe akashtuka. "Usiruke! Mjinga wewe, usiruke! Nitazika wangapi?"

Kijana aligeuka, mdomo wazi. Na Adelina, jina limekwishamtoka na halirudi tena, akamtazama, akatazama kibanda kitupu, akatazama nafasi yote iliyokuwa kati yao, magunia kwa magunia, na hapo ndipo akakiona kile ambacho Koleta alikuwa anakiona. Mama huku, analowa. Mume kule, analowa. Kibanda kikavu hakina mtu. Koleta aliwajua wote wawili. Alijua watakaa hivyo hivyo mpaka mmoja afe kwa baridi, na mwingine atakuwa amegeuka anatazama Kongo. Hakuwa anarudi kwa ajili ya unga. Alikuwa anarudi kukaa katikati yao.

Ni mimi, Adelina alisema moyoni. Ni mimi ninayemwita.

Liwalo na liwe. Alilitupa turubai, akashuka kwa magoti, akaanza kutambaa juu ya magunia. Chombo kilipanda, akaanguka ubavu. Kikashuka, akabingirika akajigonga goti kwenye ubao mpaka machozi yakamtoka. Kanga ikamvuka, akaiacha iende. Mama mzima wa Parokia, mbele ya mkwe, kichwa wazi, gauni limeganda mwilini, anatambaa kama mtoto anayeanza kutambaa! Emilian akafumba macho kwa heshima.

"Fumbua macho, nipe mkono!" akafoka Adelina.

Akampa. Mkono ulikuwa wa baridi kama samaki, na ulimvuta vizuri, bila papara. Adelina akaketi ubaoni mbele ya mlango wa kibanda, akamshika kijana shati, akamketisha kando yake.

"Kaa. Kamata kamba yako. Atuone tumekaa."

"Mama, anakuja, amefika..."

"Nimesema kaa! Usipunge mkono. Mtu aliyekaa vizuri hapungi mkono."

Emilian akaikamata kamba, akakaa. Adelina akaokota lile koti, akajifunika, na ncha ya pili akamfunika yeye. Kisha akauzungusha mkono wake mabegani mwa mume wa binti yake, waziwazi, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Uso ulikuwa unawaka kwa aibu, pamoja na baridi yote ile. Na macho hakuyatoa kwenye ile njano.

Maji yalikuwa yamemfika Koleta kiunoni. Mtumbwi ulikuwa umeinua pua, na mguu mmoja alikwishauinua aingie. Wimbi likapita. Akatazama mashua. Adelina akalikaza bega la kijana chini ya mkono wake. Usiingie, mwanangu, usiingie. Tazama, tumekaa. Tazama mama yako alivyokaa.

Koleta alisimama vile vile na mguu wake mmoja. Wimbi jingine likaja, likauchukua mtumbwi kwa nguvu kumpita, likaubamiza kwenye mawe upande wa kushoto. Ulipasuka kama kibuyu, na mfuko wa unga ukafunguka majini, weupe ukatanda. Lau angekuwa ameingia! Alirudi nyuma, akaanguka, akainuka, akatembea mpaka mchanga mkavu, akaketi, miguu kainyoosha, mikono yote miwili juu ya tumbo.

Kwenye mashua Emilian alilia kwanza. Alilia kwa sauti, wala hakugeukia Kongo. Adelina hakujua mkwe anabembelezwaje, hakuna aliyemfundisha, basi akaendelea kumshika tu.

Baadaye moyo ulipotulia kidogo, haya ikarudi kama ilivyo desturi yake, na Adelina akasogea kiasi cha kiganja kimoja. Ufukweni Koleta akasimama. "Ee!" alisema Adelina, akarudi haraka. Koleta akaketi. Alijaribu tena baada ya kitambo, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi, na kile kigauni kikainuka tena papo hapo. Mtumbwi hakuwa nao tena, lakini Adelina alimjua mwanawe. Angeweza hata kujaribu kuogelea. Walikuwa wamefungwa pale na macho ya binti, na upepo ulikuwa bado unavuma, na jua lilikuwa bado liko juu.

Emilian akaingiza mkono kibandani, akatoa sufuria. Ndani yake kulikuwa na mihogo ya jana, ya baridi, imegandiana. Akaiweka kati yao, kisha akakumbuka anakula na nani, akaisukuma yote upande wa mama mkwe, yeye akatazama chini.

Adelina alichukua kipande, akakivunja, akampa nusu.

Walikaa na vile vipande mkononi. Kijana hakula. Alikuwa anageuza chake huku na huku, na aliposema, alisema akitazama ufukweni, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake zamani na sasa anayatoa moja moja.

"Mama, mchukue. Mkifika Usoke mfungie hata mlango. Mimi nitakuja kumtaka, najijua, nitakuja nikilia. Usinipe. Akae nchi kavu na mtoto wake. Hata kama mimi nitabaki peke yangu humu, usinipe."

Hilo ndilo Adelina alilolifuata kwa treni kutoka Usoke. Alikwishajiandaa kulipigania, kulidanganyia, hata kuja kuliungama baadaye. Sasa limewekwa mkononi mwake, halina ubishi. Alitaka kufurahi na furaha haikuja. Akamgeukia kijana, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake. Alikuwa kijana sana. Macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi, kovu dogo juu ya nyusi ambalo Koleta hakuwahi kumwambia habari zake.

"Utakuja kumchukua," akasema Adelina. "Usipokuja nitamleta mwenyewe mpaka humu. Sasa kula, mwanangu. Anatutazama."